Ati LEGO Inalipa Kuliko Dhahabu? Soma Hii Kabla Uguse Pesa ya Karo

Kuna boksi imekaa juu ya kabati kwa keja yangu huku Kayole. Imevimba upande mmoja kama shavu la mtu ametoka kung'olewa jino. Ndani ilikuwa na gari ya kuunganisha, ile Volkswagen ya kitambo sisi tunaitanga kombi, vipande zaidi ya 2,200 vya LEGO. Hiyo boksi ilinikula karibu ngiri ishirini mwaka wa 2021, na hizo ngiri hazikuwa zangu. Zilikuwa za karo.

Hiyo stori nitakupea, tulia. Lakini wacha kwanza nikueleze vile hii biashara inafanya kazi, juu kila mwezi lazima msee mmoja anitumie video kwa WhatsApp ya jamaa wa majuu amekaa mbele ya ukuta wa maboksi akisema ameomoka, halafu ananiuliza, "Buda, hii kitu ni ya ukweli?"

Ni ya ukweli. Shida ni kwamba ni ya ukweli huko kwao.

Tuanze na kitu yenyewe. LEGO ni kampuni ya Denmark, mji unaitwa Billund. Ilianzishwa 1932 na fundi wa mbao kwa jina Ole Kirk Christiansen, na hilo jina limetoka kwa maneno ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali la plastiki unalolijua, lile lenye vinundu juu, lilisajiliwa tarehe 28 Januari 1958, na mpaka wa leo tofali la mwaka huo linashikana na lililotoka kiwandani wiki jana. Hapo ndipo pesa imejificha. Simu uliyonunua 2015 leo hata mwizi anakurudishia. Tofali la 2015 bado ni tofali.

Sasa, kila seti iko na namba yake na iko na maisha yake. Kampuni inaitoa, inaiuza madukani mwaka mmoja na nusu, miwili, zingine zaidi, halafu siku moja wanaacha kuitengeneza. Wakusanyaji wanasema seti "imestaafu". Na ikistaafu, ile mzigo iko duniani ndio hiyo. Nyingi zishafunguliwa na watoto, boksi zikatupwa, vipande vikapotelea chini ya sofa. Zile ambazo bado zimefungwa na gundi ya kiwandani zinakuwa chache kila mwaka. Na mahali kuna mzee wa miaka 38 huko Ujerumani ambaye alikosa hiyo seti akiwa mtoto, na sasa ako na mshahara na hana wa kumkataza.

Huyo mzee ndio mteja. Mtoto si mteja wa hii biashara, weka hiyo kwa kichwa.

Mifano iko mob. Mwaka 2007 walitoa nyumba ya ghorofa inaitwa Cafe Corner, bei ya duka dola 139.99. Ilikuwa ya kwanza kwa ile familia ya majengo ya mtaa mnayoweza kupanga moja kando ya nyingine mpaka upate barabara nzima. Leo ikiwa haijafunguliwa inaenda zaidi ya dola 1,000, juu mtu ako na majengo mengine kumi na mtaa wake unakosa ile ya kona. Mwaka 2003 kulikuwa na seti ya Star Wars ya Cloud City, karibu dola 100. Ndani yake kulikuwa na kajitu ka Boba Fett, urefu sentimita nne, kamechorwa mpaka mikono na miguu. Seti haikukaa sana sokoni. Leo hako kajitu peke yake kanauzwa pesa ya kununua nduthi. Halafu 2013 kampuni ikaficha vijitu vya dhahabu, Mr. Gold, ndani ya vipakiti vya bei ya chini ambavyo huwezi jua kilicho ndani mpaka urarue. Walitengeneza 5,000 pekee, dunia nzima.

Ukisikia hizo stori unajiona tajiri tayari. Na kuna hata watafiti wamezipiga hesabu. Wawili kutoka Higher School of Economics ya Moscow, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, walichukua bei za seti 2,322 za kati ya 1987 na 2015. Wakapata kwamba kwa wastani bei zilipanda angalau asilimia 11 kwa mwaka, na ukitoa mfumuko wa bei inabaki kama asilimia 8. Hiyo ndio iliwafanya waandishi wa majuu waandike ati LEGO inashinda dhahabu, na hiyo ndio kichwa cha habari mimi nilisoma nikiwa nimelala kwa hosteli na karo ikiwa kwa M-Pesa.

Sikusoma chini. Ningesoma ningeona wamesema pia kwamba kuna seti zilipoteza nusu ya bei kwa mwaka na zingine zikapanda kwa asilimia 600. Hiyo ni tofauti ya mtu kujenga na mtu kurudi ushago. Ningeona pia kwamba bei huanza kusonga miaka miwili mitatu baada ya seti kustaafu. Yaani ukinunua ikiwa bado mpya dukani, unangoja istaafu kwanza, halafu unangoja tena. Asilimia 11 maana yake pesa yako inakuwa mara mbili baada ya karibu miaka saba. Saba, manze. Mtoto anazaliwa anaingia darasa la kwanza na wewe bado unalinda boksi.

Na hapo katikati kampuni inaweza kukuchapa vibaya. Kuna Taj Mahal yao ya 2008, vipande zaidi ya 5,900, bei ya duka dola 300. Baada ya kustaafu ikapanda mpaka ikapita dola 2,000 kama bado imefungwa. Wasee walikuwa wameziweka kama shamba la Kitengela. Novemba 2017, bila kuuliza mtu, LEGO ikairudisha dukani na namba mpya, dola 370. Ukiwa na ile ya zamani siku hiyo, ungeuzia nani? Mwaka huo huo wakafanya hivyo kwa Millennium Falcon, ile meli ya Star Wars. Ya 2007 ilikuwa imeuzwa dola 500 dukani na ikafika maelfu mkononi mwa wakusanyaji. Wakatoa nyingine kubwa zaidi, vipande 7,541, kwa dola 800. Bei ya ile ya zamani ikaanguka. Walionunua 2007 bado walikuwa sawa. Walionunua 2016 wakiambiwa "inapanda tu" ndio walilia.

Na ujue kampuni haiko upande wako. Kwa duka lao wanaweka kikomo cha seti ngapi mtu mmoja anaweza kubeba, kusudi mabroka wasizimalize. Hata BrickLink, ile soko kubwa ya mtandaoni ya vipande na seti za mitumba iliyoanza 2000, LEGO waliinunua 2019. Yaani mwenye kiwanda ndio pia mwenye soko unaenda kuuzia. Sisemi wanafanya ubaya, nasema tu ujue uko kwa nyumba ya nani.

Kama ulikuwa Kenya 2013 na 2014, hii yote inakukumbusha kitu. Kware. Kila mtu alikuwa na kware. Mwalimu, konda, pasta, jirani, mpaka kwa balcony ya Pipeline kulikuwa na vizimba. Yai moja lilikuwa na bei ya kushangaza. Halafu ikagundulika kwamba watu wengi walikuwa wananunua kware kuuzia mtu mwingine anayetaka kufuga kware, na wa kuzikula walikuwa wachache sana. Bei ikaanguka, watu wakabaki na ndege. Wamarekani walipitia hiyo na vidoli vya Beanie Babies miaka ya tisini, wakaviweka kwa plastiki wakidhani ni pesa ya kusomesha watoto.

LEGO si kware kabisa, wacha niwe fair. Kuna watu wengi wanaitaka kuijenga, si kuiuza. Lakini jiulize swali la kware: kati ya hizo boksi zote zimefungwa duniani, ngapi ziko kwa mtu anangoja kujenga, na ngapi ziko kwa mtu kama wewe? Cafe Corner ilipanda kwa sababu 2007 karibu hakuna mtu aliiweka akingoja ipande. Leo kila seti kubwa ikitoka, siku ya kwanza kuna wasee wamebeba mbili, moja ya kujenga na moja ya kulinda. Upungufu unatoka wapi?

Haya, stori yangu.

2021 nilikuwa mwaka wa pili kampasi, na kwa roho nilikuwa nishaondoka. Mathe, ambaye anauzanga mboga na amekuwa akiuza mboga tangu nizaliwe, alinitumia ngiri thelathini na tano ya muhula. Sikumwambia chochote. Binamu yangu wa Houston alikuwa anakuja Oktoba, nikamtumia karibu ngiri ishirini, akaniletea kombi ndani ya sanduku lake la nguo. Bei ya duka ilikuwa dola 179.99 na dola ilikuwa inacheza 110. Nilipomwambia mathe ukweli, baadaye sana, nilimwambia sikukula hiyo pesa, nimewekeza.

Sasa angalia vile nilijidanganya. Januari 2024 shilingi ilikuwa imelala kabisa, dola ikafika 160. Nikapiga hesabu: 180 mara 160, ngiri ishirini na nane na kitu. Nikampigia mathe simu nikamwambia mzigo umepanda ngiri tisa. Nilikuwa na furaha mpaka nikanunua nyama. Lakini kwa mtandao bei ya hiyo seti kwa dola haikuwa imesonga ya maana. LEGO haikuwa imenifanyia kitu. Ni shilingi ilikuwa imeanguka, na ningekuwa nimeweka tu noti za dola ndani ya soksi ningepata faida ile ile, na soksi haihitaji kabati. Kufika katikati ya huo mwaka dola ikarudi kama 129. Faida ikayeyuka, nikiwa nimekaa tu.

Halafu kukaja mvua ya Aprili. Mnakumbuka ile mafuriko ya 2024. Keja yangu wakati huo ilikuwa ya chini, na boksi ilikuwa chini ya kitanda. Maji yaliingia usiku, kufika goti. Nilishika simu, nikashika godoro, nikashika jiko. Kombi nikaikumbuka asubuhi.

Plastiki haikuguswa. LEGO hata ukiiosha na sabuni iko sawa. Lakini boksi ilikuwa imevimba, gundi imeachilia, na kitabu cha maelezo kimeshikana kurasa. Nikaweka picha kwa kikundi cha wakusanyaji. Msee mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: bila boksi safi hiyo ni seti iliyotumika, anaweza nipatia nusu, na usafiri ni juu yangu. Hapo ndio nilielewa kwamba miaka mitatu nilikuwa nalinda karatasi.

Mtoto wa sista alikuja wikendi moja, ako miaka tisa, akaiuliza, nikamwambia fungua. Tulikaa siku mbili. Kurasa zilizoshikana tulitafuta kwa intaneti. Mathe akakuja kumchukua, akapata kombi imesimama kwa meza, akaizunguka, akafungua kamlango ka upande kwa kidole, akaniangalia.

"Kwa hivyo hii ndiyo second year."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Tupige sasa hesabu ya mtu ambaye hana binamu wa Houston. Seti ya dola 100, kwa 129 ni Sh12,900. Ikitumwa kwa kampuni ya kusafirisha, kuna usafiri, kuna ushuru wa forodha, juu yake VAT ya 16%, na vile viada vingine. Tuseme hivyo vyote vimekukula Sh6,000, na hapo sijakuonea. Umetumia Sh18,900 na boksi bado ni ya dola 100. Uko chini hata kabla uanze.

Wacha tukupatie bahati: inapanda asilimia 11 kila mwaka kwa miaka saba, haistaafu na kurudi, panya hawaioni. Inafika kama dola 207, yaani karibu Sh26,700 kama shilingi imetulia. Unaiuza eBay kwa mnunuzi wa nje anayelipa usafiri mwenyewe. Mtandao unachukua kitu kama asilimia 13, unabaki na Sh23,200 hivi. Faida yako ni kama Sh4,300 kwa miaka saba. Hiyo ni karibu asilimia tatu kwa mwaka, na sijahesabu kodi ya keja ambayo hiyo boksi imekaa ndani. Hati za serikali za siku 91 mwaka 2024 zilipita asilimia 15, na hizo hazivimbi mvua ikinyesha. Najua zimeshuka tangu hapo. Bado zinaipiga asilimia tatu mchana peupe.

Kuuza hapa hapa? Inawezekana, wakusanyaji wako Nairobi, lakini ni soko dogo. Mtu mwenye pesa ya kununua seti ya ngiri thelathini pia ako na pesa ya kuagizia mtoto wake akisafiri Dubai.

Na ukiona mtu mtaani anauza seti kubwa imefungwa kwa bei ya chini sana, poa kwanza. Aprili 2019 polisi wa Shanghai walivamia watengenezaji wa Lepin, chapa iliyokuwa inakopi seti za LEGO moja baada ya nyingine mpaka picha ya boksi, na mwaka uliofuata mkubwa wao akafungwa miaka sita. Bidhaa za namna hiyo bado ziko kila mahali. Njia ya kujua original ni kuangalia kinundu juu ya tofali: kila kimoja kimeandikwa LEGO, herufi ndogo sana, tumia tochi ya simu. Shida ni kwamba boksi iliyofungwa huwezi kuangalia kinundu. Unanunua imani. Majuu kuna watu wamefungua boksi wakapata tambi ndani, mtu alitoa vipande akajaza tambi ndiyo itikisike vizuri, akairudisha dukani akarudishiwa pesa. Na bado kuna za wizi. Mwaka 2021 polisi wa Ufaransa walisema wanafuata genge zima lililokuwa linavunja maduka ya toys likitafuta LEGO pekee.

Sasa kama bado damu yako inachemka, kuna upande mmoja ambao naona una akili kwa msee wa hapa, na hauhitaji boksi.

Vijitu. Ukipita Toi au Gikomba kwa wale wanauza toys za mitumba, kuna madebe ya plastiki imechanganyika, magari bila magurudumu, vidoli bila mikono. Ndani mara moja moja unapata matofali ya LEGO, na kwa matofali mara moja moja unapata kajitu. Muuzaji anakuuzia kwa mkono, hana habari. Kajitu hakana uzito, kanaingia kwa bahasha, na bei yake unaiangalia BrickLink kabla utoe doh. Angalia kama mikono haijapasuka, kama kichwa na kiwiliwili ni vya mtu mmoja, na kama kofia au silaha yake iko. Za Star Wars ndizo watu wanatafuta sana, LEGO wamekuwa na hiyo leseni tangu 1999. Za polisi na wazima moto usijisumbue, ziko mamilioni.

Usitarajie Boba Fett. Mimi nimeenda Toi karibu kila Jumamosi tangu mwisho wa 2024, na siku nyingi narudi na vumbi tu kwa kucha. Ukikosa mara tatu usianze kununua debe nzima kwa hasira, hapo ndio pesa inapotelea. Mtaji wangu ni soo mbili kwa siku, zikiisha naenda nyumbani.

Mpaka sasa nimeuza vijitu kumi na kimoja. Kimoja tu ndicho kilikuwa cha maana, rubani wa Star Wars ambaye nilimpata chini ya debe akiwa amevaa nywele za mtu mwingine. Pesa yote nikitoa stempu na nauli ni ngiri nne na soo tatu. Ngiri nne nimemtumia mathe. Alinitumia ujumbe akauliza ni ya nini, nikamwambia ni ya karo. Zimebaki kumi na sita.